Mizani Mbele ya Macho ya Wote

Namna mukubwa wa kazi anavyopata kuaminiwa na watu wake, na namna anavyopoteza



Hapa kwetu Kadutu, mwisho wa mwezi unajulikana bila kutazama kalandari. Katika soko ya Kadutu na ile ya Nyamugo, mama anayeuzisha sambaza anauliza: "Papa amekwisha kulipwa?" Kama jibu ni ndiyo, anakupimia kwa furaha. Kama jibu ni "bado," anakutazama uso, anakumbuka deni ya mwezi uliopita, kisha anaamua kama atakuandika tena ndani ya daftari yake. Yule mama hamujui mukubwa wa kazi wa papa huyo. Hajamuona hata siku moja. Lakini neno la yule mukubwa limetoka katika buro, limeshuka mulima, limeingia sokoni, limefika mpaka ndani ya chungu.

Kwa hiyo habari ya mukubwa kuaminiwa na wafanyakazi wake si habari ya wakubwa peke yao. Ni habari ya jamaa. Pahali ambapo mukubwa anaaminiwa, papa anarudi nyumbani na roho ya kutulia, hata kama mushahara ni mudogo. Pahali ambapo haaminiwi, papa analeta hasira nyumbani, na kesho yake anatafuta namna ya kukamata kidogo-kidogo katika depo, akisema moyoni: "Wananiibia, mimi pia nitajilipa."

Watu wengi wanazani kwamba mukubwa anaaminiwa kwa sababu ya diploma yake, ao sauti yake, ao muchele anaogawa siku ya Noeli. Hivyo vyote ni vizuri. Lakini tukitazama historia ya inchi yetu, na tukisoma Neno la Mungu, tunaona jambo lingine: mufanyakazi anamwamini mukubwa anayekubali hesabu zake zionekane. Tutaeleza.

KOMPANI ILIYOKUWA BABA NA MAMA

Wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanajua habari hii kuliko sisi wa Kivu. Union Minière ilianza mwaka 1906. Kutoka miaka ya 1920 iliamua kuwakalisha wafanyakazi wake pamoja na wake zao na watoto. Ikawapa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Mutoto alizaliwa katika hospitali ya kompani, akasoma katika shule ya kompani, akaingia kazi ya kompani. Watu wakaiona kama baba na mama.

Lakini jambo moja halikuwekwa juu ya meza: hesabu ya mushahara. Mushahara uliamuliwa kule juu, mufanyakazi akapokea alichopewa. Wakati wa vita ya pili ya dunia bei za vitu zikapanda sana, na wafanyakazi wakaomba kuongezwa. Mwezi wa Desemba 1941 wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba askari wakapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mupira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu wengi wakafa. Posho ilikuwako, hospitali ilikuwako, lakini siku ile hakukuwa na njia ya kusema na kusikilizwa. Mutu anaweza kula unga wako kila juma na bado asikuamini.

Kisha uhuru, Union Minière ikawa Gécamines, mali ya inchi. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mushahara ukaanza kuchelewa mwezi mumoja, miezi miwili, kisha miezi mingi sana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 walikubali kuondoka kwa feza zilizotoka kwa Banki ya Dunia. Wengi wao walikuwa wametumika miaka 20 ao 30. Walipokwisha kupokea zile feza, wengi walilalamika kwamba hesabu haikufuata miaka yao ya kazi. Zile feza zilikuwa nyingi machoni kwa siku ile moja, lakini mutu alizipokea bila kufahamu zilivyohesabiwa, basi hazikutuliza moyo.

Kwetu Kivu habari inafanana. SOMINKI iliundwa mwaka 1976, ikaunganisha kompani nyingi za zamani zilizochimba zahabu na kasiterite, Kamituga na pahali pengine. Mwaka 1985 bei ya kasiterite katika dunia ilianguka gafula. Kompani ikazaifika, na mwaka 1997 ikafika mwisho wake. Wazee wa Kamituga wanaosoma gazeti hili wanajua kilichofuata: watu waliotumika maisha yao yote wakakaa miaka mingi wakidai hesabu ya mwisho. Wengine wakazikwa kabla ya kuiona.

Mukubwa wa kazi hawezi kuzuia bei ya dunia isianguke. Hakuna mufanyakazi mwenye akili anayemuhukumu kwa hiyo. Anahukumiwa kwa hili: je, alituambia mapema? Na kilichobaki, je, kiligawanywa mbele ya macho yetu?

DENI HAILALI

Kanisa letu halihubiri pombe, na musomaji mwingine atashangaa kuona hapa jina la kiwanda cha bia. Lakini jasho ya mufanyakazi ni jasho, hata kama anaosha chupa.

Wakati wa habari hii Bralima ilikuwa kompani ya Heineken, wenyeji wa Uholanzi, na ilikuwa na kiwanda hapa Bukavu. Kati ya mwaka 1999 na 2003, wakati muji wetu ulikuwa chini ya utawala wa RCD, wafanyakazi wengi wa kiwanda hicho waliondoshwa kazini. Wao walisema waliondoshwa bila haki. Miaka ikapita. Mwezi wa Desemba 2015 wafanyakazi wa zamani 168 walipeleka malalamiko yao mpaka Uholanzi, kwa ofisi ya kule inayosikiliza mambo ya kompani kubwa kufuatana na kanuni za OCDE. Pande mbili zikakaa pamoja na wapatanishi. Mwezi wa Agosti 2017 ofisi ile ikatangaza kwamba wamepatana, na kompani ikaahidi kuandika kanuni zake za kutumika katika inchi zenye vita na fujo.

Hatuandiki haya ili kumuhukumu mutu. Waliopatana wamepatana, na Mungu abarikiwe. Tunaomba tu musomaji ahesabu miaka. Kutoka 1999 mpaka 2017 ni miaka 18. Mutoto aliyezaliwa siku papa yake aliondoshwa kazini alikuwa sasa kijana mukubwa. Miaka hiyo yote jamaa ililala na maneno yale, ikaamuka nayo. Wakubwa wengine wanazani kwamba mufanyakazi akiondoka, na malalamiko yake yanaondoka naye. Hapana. Deni hailali. Tena wanaobaki kazini wanatazama namna wenzao walivyoondoshwa, na wanasema: "Kesho itakuwa mimi." Ukitaka kujua kama watu watakuamini, angalia namna unavyomulipa yule anayeondoka, yule asiyekuwa tena na faida kwako.

NDANI YA SHIMO

Lakini leo watu wetu wengi hawatumikie kompani kubwa. Wanatumika ndani ya mashimo: Kamituga, Lugushwa, Misisi, Nyabibwe, Shabunda. Pale mukubwa anaitwa PDG. Hana buro wala kravati. Ndiye anayelipa chakula, mbao za kushikilia shimo, na pompi ya kutoa maji. Vijana wanachimba, wengine wanapandisha mifuko, kisha mawe yanapelekwa kwa mashini ao kwa wamama wanaoyatwanga. Mushahara wa mwezi hakuna. Wote wanangojea zahabu itoke. Garama zinatolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa.

Basi, hapo kazi yote inasimama juu ya neno moja: garama. Tuchukue mufano. Timu imetumika miezi mitatu. PDG anasema: "Garama zimefika dola 900." Nani aliziona? Kama hakuna aliyeziona, hata akisema kweli ataonekana mwizi. Na vijana watajilipa kwa namna yao: jiwe moja zuri ndani ya buti, lingine ndani ya kinywa. PDG naye ataleta walinzi wa kupekua watu. Walinzi watataka kulipwa, na garama zitapanda tena. Hivyo wote wanazidi kuwa maskini kwa sababu ya kutoaminiana.

PDG mwingine ananunua daftari moja. Kila siku ya posho anaandika: muchele hivi, mbao hivi, mafuta ya pompi hivi. Vijana wanachagua mumoja wao mwenye kujua kusoma, anaandika ndani ya daftari yake pia. Siku ya kupima zahabu, mizani inawekwa pahali wote wanaona, na daftari mbili zinasomwa kwa sauti. Hata kama zahabu ni kidogo na kila mutu anapata kidogo, hakuna anayeondoka na uchungu. Juma linalofuata timu inarudi shimoni, yote. Ile daftari ya pili imemupa PDG faida kuliko walinzi kumi.

Na kuna jambo kubwa kuliko zahabu. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kali ilinyesha Kamituga, maji yakaingia ndani ya mashimo, na watu karibu 50 wakafa. Wengi wao walikuwa vijana. Bukavu nzima tulilia pamoja na wenzetu. Mvua ni ya Mungu, hakuna anayeikataza. Lakini kila mahali pa hatari kama pale, kuna siku muchimbaji anaona kwamba ubao umeoza, ao maji yanapita pabaya. Je, atasema? Kama anajua kwamba mukubwa atamujibu, "Wewe ni muvivu, kuna wengine wanangoja pahali pako," atanyamaza na kushuka. Kama anajua kwamba mukubwa atamushukuru na kusimamisha kazi, atasema. Pahali watu wanamwamini mukubwa, habari mbaya zinapanda haraka mpaka kwake. Pahali hawamwamini, anasikia habari mbaya siku ya mazishi.

SIKU FEZA HAZIPO

Wengine watasema: "Pasta, ni rahisi kuaminiwa wakati feza iko. Lakini ikikosekana?" Ulizo hili linatugusa sisi wa Bukavu kwa karibu. Vita ilipofika muji wetu mwezi wa pili wa mwaka 2025, benki zikafunga milango. Kulikuwa wakubwa wa kazi wenye feza katika karatasi lakini hawakuweza kuzigusa. Walimu, waganga, walinzi, wote wakatazama mikono ya mukubwa, nayo ilikuwa mitupu.

Siku kama hiyo inaonyesha kilichojengwa mbele. Mukubwa mumoja anazima telefone. Anapita mulango wa nyuma. Anatuma mutu aseme, "Direkta hayuko." Watu wanaanza kuuliza: yeye anakula nini? Watoto wake wanasoma kwa feza gani? Ndani ya juma mbili maneno yamejaa kartye yote, na hata benki ikifunguliwa hataweza kuyafuta.

Mukubwa mwingine anaita watu wote asubuhi. Anasema: "Hiki ndicho tulicho nacho katika sanduku. Hiki hatuwezi kukifikia, na sababu ni hii. Tunaweza kumupa kila mutu kidogo sawasawa, na mimi nitapokea kama ninyi. Sijui lini itabadilika. Kila siku ya posho nitasimama hapa niwaambie kile ninachojua." Huyu hakuwapa mushahara. Lakini amewapa kitu cha kupeleka nyumbani: neno la kweli, ambalo papa anaweza kulirudilia kwa mama muuza-sambaza bila kuona haya. Kusema "sijui" mbele ya watu si uzaifu. Kinachovunja moyo ni ahadi ya "kesho, kesho" kutoka kwa mutu anayejua kwamba kesho hakuna kitu.

Tena watu wanaangalia kama mukubwa anakaa pamoja nao katika hatari. Munganga Denis Mukwege, mwana wa muchungaji wa hapa Bukavu, alikuwa mukubwa wa waganga katika hospitali ya Lemera ilipovamiwa mwezi wa Oktoba 1996, na wagonjwa na waganga wakauawa. Mwaka 1999 alianza kazi upya katika hospitali ya Panzi pamoja na kanisa la CEPAC. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Yeye akapona, lakini mutumishi wake akauawa. Akaondoka inchini na jamaa yake. Angeweza kubaki kule ng'ambo, na hakuna ambaye angemulaumu. Wamama maskini wa kwetu wakauzisha matunda yao ili wapate feza za tikiti ya kumurudisha. Tarehe 14 Januari 2013 akarudi, na watu wakajaa barabara kutoka Kavumu mpaka muji. Mwaka 2018 dunia ikamupa tuzo la Nobel. Lakini tuzo lile si ndilo lililofanya wamama wale wamwamini. Walikuwa wamemwamini mbele, kwa sababu walimuona kazini siku mbaya.

NENO LA MUNGU LINASEMA NINI?

Biblia haikuficha jambo hili. Samweli alipokuwa muzee alisimama mbele ya Israeli yote, akawauliza wamushitaki kama amekamata ngombe ya mutu, ao punda ya mutu, ao kama amepokea rushwa (1 Samweli 12:1-5). Tazameni vema: hakuna aliyemuomba kufanya vile. Yeye mwenyewe alijitolea kupimwa, tena mbele ya wote, wakati mufalme mupya alikuwa pale anasikia.

Nehemia alikuwa gavana, na sheria ilimupa ruhusa ya kula posho ya gavana. Akaiacha, kwa sababu aliona muzigo wa watu ni muzito, na yeye na vijana wake wakashika kazi ya ukuta pamoja na wengine (Nehemia 5:14-18). Mutume Paulo alipobeba matoleo ya makanisa hakusema, "Mimi ni mutume, muniamini." Alichukua ndugu wengine wa kusafiri naye, ili hesabu iwe safi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia (2 Wakorinto 8:18-21). Kama Paulo alikubali kuangaliwa, ni mukubwa gani wa leo atakayekasirika akiulizwa?

Na Sheria ya Mungu inaagiza muchuuzi wa jasho yake, yule maskini wa kutumika kwa siku, alipwe siku ileile, jua lisishuke bado (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Mungu anajua kwamba kwa maskini "kesho" ni usiku mumoja wa njaa.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

Kwa wale walio na watu chini ya mukono wao, kapita, direkta, PDG ao mwenye butike, tunatoa mashauri haya.

1. Weka siku ya kulipa na uishike. Kama utakosa, sema mbele ya siku kufika, si kisha.

2. Onyesha namna ulivyohesabu. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaagiza mufanyakazi apewe karatasi inayoonyesha hesabu ya mushahara wake. Kama hajui kusoma, umusomee mbele ya mutu anayemwamini. Asitie kidole juu ya kitu asichofahamu.

3. Andika avansi pande mbili. Fitina nyingi kazini zinatoka kwa avansi. Mumoja anasema 20, mwingine anasema 30. Daftari mbili na sahihi mbili zinamaliza maneno.

4. Sheria moja kwa wote. Kama mutoto wa ndugu yako anachelewa kila siku na hakuna anayemuuliza, usishangae wengine wakikataa kukusikia. Wafanyakazi wanasamehe mukubwa mukali. Mukubwa mwenye upendeleo hawamusamehe.

5. Usimufukuze anayeuliza. Sheria inawapa wafanyakazi haki ya kuchagua wajumbe wa kusema kwa ajili yao. Wakubwa wengine wanawaona wajumbe hawa kama adui, na pahali pao wanaweka wapelelezi wa kusikiliza maneno. Mupelelezi anakuletea kile unachopenda kusikia. Mujumbe anakuletea kile unachohitaji kusikia.

6. Ukikosa, tengeneza mbele ya walewale waliokuona. Ukimutukana mutu mbele ya timu, usimuombe musamaha katika chumba cha siri. Ukikata feza kwa makosa, rudisha na useme kwamba ni makosa.

Na ninyi vijana wafanyakazi, msicheke tu wakubwa. Kuaminiana kuko na njia mbili. Anayesaini saa moja na amefika saa tatu, anayeuza mafuta ya pompi na kusema yamemwangika, huyu pia anaficha hesabu. Siku moja mutakuwa wakubwa, na tabia hamutaipata siku ile, mutakuja nayo.

NA NDANI YA NYUMBA ZETU JE?

Sasa tufike pahali pagumu. Ni rahisi kusema juu ya kompani na PDG. Lakini wengi wetu tunaosoma gazeti hili sisi wenyewe ni wakubwa wa kazi, na hatujiiti hivyo. Kuna binti anayetusaidia nyumbani, anayeamuka mbele ya wote na kulala nyuma ya wote. Mushahara wake uko wapi? "Ninamuwekea." Umeandika wapi? Yeye anajua ni ngapi? Kuna mama kipakasi anayebeba mufuko wako kutoka sokoni, anapanda nao mulima mpaka Cimpunda, kisha ukifika mulangoni unaanza kupunguza bei muliyopatana kule chini. Kuna kijana mulinzi wa usiku unayemupa nguo za zamani na kusema umekwisha kumulipa.

Na kanisa? Mulinzi wa kanisa, mupishi wa mukutano, mwalimu wa shule yetu, seremala aliyetengeneza viti. Tusimwambie mutu, "Utalipwa mbinguni," wakati sanduku la matoleo liko na feza na halmashauri haijasoma hesabu tangu Pasaka. Yakobo aliandika kwamba mushahara wa wavunaji uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinafika katika masikio ya Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Hakusema unalia tu katika mashamba ya wapagani.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila jamaa ikamate daftari, iandike majina ya watu wanaotutumikia, tulichopatana nao, na tulichobakiza. Kisha tuwaite, tuwasomee, tuwaulize: "Ni hivi?" Kama wanasema hapana, tusikilize. Na tukibakiza deni, tulipe hata kwa sehemu, na tuseme siku ya kumaliza. Mutoto wako anayekuona ukifanya hivyo mezani amejifunza kuwa mukubwa wa kuaminiwa, hata kama hatasoma mahubiri yoyote juu ya jambo hilo.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA PAMOJA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Mukubwa gani ulimwamini zaidi katika kazi ao shuleni? Alifanya nini wazi ambacho wengine walikificha?

2. Soma 1 Samweli 12:1-5. Ni nani katika kanisa letu, ao katika kwaya yetu, angeweza kuuliza maulizo yale mbele ya wote?

3. Kama shimo ao kazi iko na hatari, kijana anaweza kusema namna gani bila kumuzarau mukubwa?

4. Katika jamaa yetu, nani anatutumikia? Je, anajua hesabu yake?